Fundi Aliyekataa Mwezi wa Shimo

Kuna watu wabishi, halafu kuna Fundi. Mtu mbishi wa kawaida anabishana na mtu. Fundi alikuwa anabishana na redio. Redio ikisema leo Nakuru kutanyesha, yeye anatoka nje bila koti, anasimama katikati ya ploti, anaangalia juu kama mtu ameitwa kwa kesi. Ikinyesha, anasema hiyo si mvua, ni umande umechelewa. Nimemwona na haya macho yangu amelowa mpaka soksi, maji inatiririka kwa masikio, anaambia mke wake, "Umande wa leo ni mwingi."

Jina lake sitasema, na hata ningetaka singeweza. Miaka kumi na tisa tumekaa naye ploti moja hapa nyuma ya reli, sijawahi sikia mtu akimwita jina. Hata mke wake, yule sisi wote tulimwita Mathe, alikuwa anamwita Fundi. "Fundi, chai iko tayari." "Fundi, kuku imeingia."

Hiyo ya kuku wacha niseme mapema. Huyu mtu alikuwa amekereza vyuma vya reli mpaka reli ikachoka naye, akaenda kukereza vya jua kali. Mkono wake, akikusalimia, lazima uhesabu vidole baadaye uone kama zote zimerudi. Amewahi kushuka chini ya lori yangu ikiwa imeinuliwa na jeki ya kukopa na mawe mawili, akalala huko saa nzima akipiga mluzi. Lakini kuku! Kuku akiingia nyumbani, Fundi anapanda kiti. Ukimuuliza anasema haogopi, ni heshima tu, kila mtu na boma lake.

Alikuwa hivyo, nusu simba nusu kitu kingine. Spana yake hangekupa hata kama gari imekulalia mguu. Atakuja mwenyewe, afungue, aipanguse, arudi nayo. Lakini ile darubini yake, kitu ya maana kuliko spana zote za Nakuru ukiziweka kilo, hiyo angeachia mtu yeyote. Mlevi akipita, "Njoo uone mwezi." Askari wa usiku, "Njoo uone mwezi." Kuna siku alisimamisha watu wamebeba kochi.

Hiyo darubini alipewa na mzungu mmoja wa mashamba ya maua kule Naivasha, upande wa Karagita. Pampu ilikuwa imekufa, maua zinakauka, mafundi saba wamekuja wameshindwa. Nasema saba, inaweza kuwa wawili. Fundi akaitengeneza na mpira wa tairi ya baiskeli. Mzungu alipohama akamwachia hiyo kitu. Ilikuwa paipu nyeupe ndogo, urefu wa mkono wangu toka kwapa mpaka kidole. Mbele kuna lenzi. Nyuma kuna shingo inaingia na kutoka ukizungusha kigurudumu, na mwisho wa shingo kuna kiwiko chenye kioo ndani, ndio mtu asivunjike shingo yake mwenyewe akiangalia juu. Unaweka jicho moja hapo, unazungusha, unazungusha, na ghafla picha inashika. Siku ya kwanza kuona mwezi ikishika nilitoa kofia. Sijui kwa nini. Nilitoa tu.

Sasa shida ilikuwa macho ya Fundi. Miaka yote hiyo ya cheche na moto wa kuchomelea, bila miwani, kwa sababu alisema miwani ni ya watu hawaamini mikono yao. Jicho la kulia likapata doa katikati kabisa. La kushoto likapata doa pembeni. Kwa barabara ulikuwa hujui, kwa sababu hili likikosa lile linajaza, kama mabibi wawili wanachota maji na ndoo mbovu, mmoja anavuja huku, mwingine kule, na bado mtungi unajaa. Lakini kwa darubini ya jicho moja hakuna wa kumsaidia mwenzake.

"Dere," akaniambia siku moja. Aliniita Dere kwa sababu ya lori, nabeba viazi. "Mwezi wangu iko na shimo."

"Mwezi iko na mashimo mengi, Fundi. Si ulinionyesha?"

"Hiyo ni ya mwezi. Hii ni yangu. Imeumwa katikati kama chapati imeonwa na panya. Nikisogeza jicho, shimo inasogea pia."

"Basi wacha mwezi. Angalia mpira."

Aliniangalia vile anaangalia redio.

Daktari wa macho alikuwa dada mpole sana, anaongea polepole kama anaamsha mtoto. Nilimpeleka Fundi mwenyewe. Akamwambia, mzee, la kulia halitarudi. La kushoto, hilo doa linatembea kuja katikati. Likifika, kusoma na kuona vitu vidogo kutaisha. Hatujui ni lini. Jaribu kuzoea.

"Linatembea?" Fundi akauliza.

"Ndio mzee, polepole."

"Liambie liendelee hivyo hivyo. Mimi niko na kazi."

Na niseme hapa nisije nikasahau: limeshafika. Siku hizi amehamia kwa binti yake huko Kuresoi, na nikimpigia simu nimuulize macho, ananiambia shida ya Kuresoi ni ukungu. Ukungu mwingi, Dere, hata ndani ya nyumba.

Lakini wakati huo lilikuwa bado njiani. Fundi akasikia kwa jamaa wa kutengeneza simu pale kona kwamba kuna kichwa cha macho mawili. Unakifunga nyuma ya darubini, mwangaza unagawanywa ndani na vioo, unaangalia na macho yote kama mtu ameshika binokula. Fundi hakulala. Macho mawili! Mabibi wawili na ndoo zao! Wakaagiza, ikaja, nzito kama tofali. Akafunga, akaelekeza mwezi, akazungusha kigurudumu mpaka shingo ikaingia yote, ikagonga mwisho. Hakuna kitu. Mwezi ilikuwa tu ugali imemwagika.

Mtu mwingine angerudisha. Fundi akaigeuza huku na huku ploti nzima, na ikashika. Ilishika wapi? Kwa dirisha ya jikoni ya Mama Chips, jirani yetu wa mbele, hatua nne kutoka kwa mlango.

"Dere, kuja! Kuna nzi kwa ukuta ya huyu mama, naona mpaka magoti!"

Mama Chips akatokea na mwiko. "Fundi! Mzee mzima, unachungulia jikoni yangu?"

"Sichungulii. Napima."

"Unapima nini?"

"Mashine. Lakini mafuta yako pia nimeona. Badilisha. Imekuwa nyeusi kuliko oili ya difu ya lori."

Walikosana wiki mbili. Lakini hiyo haikuwa makosa kubwa. Makosa kubwa ilikuwa ya mtu wa mashine: ikifanya kazi kwa benchi, basi imepona. Aliona nzi, akasema imepona. Akaalika ploti nzima, na pasta, Jumapili jioni jua likizama, waje waone mwezi na macho mawili. Mathe akapika chai ya sufuria kubwa. Tukapanga laini kama ya kupiga kura.

Pasta akainama, akakaa hapo kwa muda mrefu. Akasema kwa heshima, "Naona… utukufu."

Mama Chips, ambaye alikuja kwa sababu ya chai, akainama. "Mimi naona uji."

Watu walicheka mpaka mbwa za mtaa wa pili zikabweka. Fundi hakucheka. Alikunja vitu vyake moja moja, akaingia ndani, na siku tatu hatukusikia akibishana na mtu. Mathe alikuja kwangu. "Dere, ongea na yeye. Ameacha hata redio iseme inachotaka."

Nilimpata amekaa na mshumaa mwisho mmoja wa meza na lenzi mwisho mwingine, katikati karatasi ya kufungia maandazi, ile imeingia mafuta mpaka unaona upande wa pili. Alikuwa anasogeza karatasi mbele na nyuma, kutafuta mahali picha ya moto inatua.

"Nimeelewa," akasema. "Kitu iko karibu, picha yake inatua huku nyuma. Kitu iko mbali, picha inatua mbele, huko ndani ya paipu. Hiki kichwa ni kinene. Mwangaza unapita kwa vioo vyote hivi, unaishiwa na njia. Ni kama kungoja maziwa mlangoni na mwenye maziwa ameshaimwaga kwa geti."

"Basi sogeza kichwa mbele."

"Shingo imeisha. Haina mahali pa kuingia tena."

Alijaribu njia zote za amani kwanza, hiyo nitamsifu. Alitoa kiwiko, ndio apunguze njia, akafunga kichwa moja kwa moja. Ikakaribia, ikabakisha vidole viwili. Lakini bila kiwiko, na mwezi iko juu, ilibidi alale chini kwa mgongo kwa udongo kama mtu wa garage. Alilala. Kuku ya Mama Chips ikaja kuona ni nini, ikapanda kwa kifua. Sikujua mzee wa umri huo anaweza kutoka chini mpaka juu ya tangi la maji la ploti bila kugusa ngazi.

Halafu jamaa wa simu akaleta kalenzi kadogo. "Mzee, hii unafunga mbele ya kichwa. Inasukuma picha nyuma. Dunia nzima wanatumia hii."

Na ukweli ni kwamba ilifanya. Ilishika! Macho mawili! Mimi nikaangalia, nikaona mawe ya mwezi kama naweza kuyaokota nijengee choo. Lakini hako kalenzi, wakati kanasukuma, kanakuza pia. Mwezi ikawa kubwa, imejaa kioo, inamwagika pembeni. Unaona kidevu, huoni paji. Fundi akaangalia, akainua kichwa, akatoa kalenzi, akampa jamaa wa simu mkononi.

"Mzee, si imeshika?"

"Umeshika ng'ombe kwa mkia, unasema uko na ng'ombe? Nimekataa mwezi wa shimo, unaniletea mwezi wa robo?"

"Lakini hakuna njia ingine, mzee."

"Kuna msumeno."

Hapo ndio vita ilianza. Kukata darubini! Jamaa wa simu alisema ukikata hata kidogo bila kunyoosha, lenzi itaangalia kushoto na macho yataangalia kulia, na hakuna wa kuirudisha. Pasta alisema kiburi huja kabla ya kuanguka. Mimi nilisema lori haikatwi ndio itoshe garage. Na Mathe, ambaye haongei sana, aliweka kikombe chini. "Hilo jicho limebaki na siku zake. Hiyo paipu iko moja. Ukikosea, Fundi, utakuwa umelifunga wewe mwenyewe kabla wakati wake."

Alijibu nini? Alichukua chaki.

Alikuwa na sheria moja ya kazi, aliitoa kwa wazee wa karakana ya reli: alama ilale. Unapima, unachora chaki, halafu unaacha. Siku tatu hugusi. Kila asubuhi unapita unaiangalia kama mtu umemshuku. Siku ya nne, kama moyo bado unakubali, kata. Nimeona wateja wakilia, "Fundi, ni chuma tu, kata niende," na yeye anawaambia, "Chuma imekaa chini ya ardhi miaka mingapi? Siku tatu haitakufa."

Alama ya kwanza alipima na tangi la maji la mtaa wa pili. Ikalala. Siku ya tatu, kama saa kumi na moja jioni, mwezi ikatoka mchana mchana, nyeupe. Akachukua ile karatasi ya maandazi, akatoa kiwiko na kila kitu, akaishika nyuma ya paipu tupu. Na kwa karatasi, kati ya mafuta ya maandazi, mwezi ikatua. Mzima. Saizi ya ndengu.

Alipima hapo mpaka mwisho wa paipu. Akapima tena. Halafu akakaa chini kwa ndoo.

"Tangi iko karibu," akasema. "Nilifikiria mtaa wa pili ni mbali. Kwa mwezi, mtaa wa pili ni hapa tu kwa mlango. Ningekata jana, ningekosa na unene wa ukucha."

Akafuta chaki na mate, akachora ingine. Na hiyo pia ikalala siku tatu! Jamaa wa simu karibu ararue shati.

Alikata Jumamosi asubuhi, ploti nzima tumesimama. Lenzi ilikuwa imetolewa, imefungwa kwa leso ya Mathe, Mathe ameshika kifuani. Akazungushia paipu karatasi ndefu mpaka ncha zake zikakutana sawasawa, hivyo ndio unajua duara imenyooka. Akainama na msumeno mdogo kabisa. "Dere, usipumue upande huu," akaniambia. Alikuwa anakata kwa muda wa pumzi tano, anazungusha paipu kidogo, pumzi tano tena. Mama Chips alizima jiko. Naapa mimi niliota ndevu nikingoja. Kipande kikaanguka, upana wa vidole vinne, na Mathe akafumba macho. Fundi akaenda na tupa, akalainisha, akapitisha kidole, akatoboa matundu matatu, akarudisha shingo. Kile kipande Mathe alikichukua akawa anakatia maandazi ya duara. Na usifikiri Fundi alisahau sisi wa jicho moja: alikereza kipande cha kuongeza urefu, ukitaka kuangalia na moja unakifunga.

Basi jioni hiyo tukatoka nje.

Mawingu.

Kesho yake mawingu. Wiki ya pili mawingu, ya tatu mawingu. Ilikuwa ile mvua ya Nakuru inakuja kama imehamia na watoto wake. Fundi aliacha kuiita umande. Siku moja nilimkuta ameshika gazeti, amefunika jicho la kulia, anasogeza gazeti mbele na nyuma na jicho la kushoto. Aliponiona akaliweka chini haraka. Sijawahi kumwona akificha kitu.

"Kesho unaenda wapi na hizo viazi?" akaniuliza.

"Nairobi. Napitia barabara ya chini, Mai Mahiu."

"Huko kuna mawingu?"

"Huko kuna vumbi tu."

"Niwekee nafasi mbele."

Alisafiri ameshika darubini kati ya magoti, imefungwa na blanketi. Hakuongea mpaka Gilgil, na hapo alisema tu nirudishe gia. Tulifika Mai Mahiu kama saa kumi na mbili na kitu, pale malori zinapanga. Anga safi kama imefuliwa. Na juu ya ukuta wa milima, mwezi imeshatoka, imebakisha siku mbili ijae.

Akasimika vyuma vitatu vya kusimamishia darubini hapo kwa kokoto. Madereva wakaanza kusogea.

"Mzee, hiyo ni ya kuangalia polisi wako wapi?"

"Ni ya kuangalia gari yako itaanguka wapi," Fundi akasema, bila kugeuka. Akafunga kiwiko. Akafunga kichwa. Akainama, akazungusha, na nikaona mgongo wake umekauka.

"Inatetemeka," akasema. "Mwezi inatetemeka. Dere, zima lori."

Sasa elewa. Stata ya lori yangu ilikuwa imekufa tangu Molo, nilikopakia asubuhi. Tani saba za viazi, na soko inangoja kabla jua litoke. Lori hiyo haikuwa inazimwa mpaka ishushe. Ukizima, hapo ndipo umejenga.

"Fundi, nikizima haiwaki."

"Najua. Mimi ndio nilikuambia hiyo stata itakufa."

"Watu wa soko wataninyonga."

Hakubishana. Alibaki tu ameinama, mikono yote miwili imeshika paipu kuituliza, na hiyo mikono mikubwa ya kutoa nati zimeota kutu tangu wazungu, ilikuwa imeishika kama mtu ameshika yai.

Nikapanda, nikazima.

Bado kokoto ilikuwa inanguruma, kwa sababu lori jirani ilikuwa inawaka. Mwenye hiyo akaniangalia, akaangalia mzee, akatema mate, akazima. Halafu ya pili. Halafu ile treila ya mafuta. Mai Mahiu, mahali hata usiku wa Krismasi haijawahi kunyamaza, ikanyamaza mpaka nikasikia mama wa kibanda akigeuza chapati.

Fundi akazungusha kigurudumu kidogo. Kidogo tena. Akarudisha.

Akabaki ameinama hivyo, hasongi. Nikaenda karibu. "Fundi?"

"Iko yote," akasema. Sauti ilikuwa ndogo, si yake. Halafu ikarudi yake. "Iko yote, Dere. Juu, chini, katikati. Hakuna mahali imeumwa."

Laini ilikuwa imejipanga nyuma yake, madereva na makanga na mama wa chapati na unga kwa mikono. Walingoja. Walikohoa. Wakahama kutoka mguu huu kwenda ule. Mwishowe dereva wa treila, jitu la futi saba, nane na kofia, akasema kwa adabu, "Mzee, na sisi tuko. Utamaliza saa ngapi?"

Fundi hakuinua kichwa.

"Ndio naanza."